Nina zamu ya kuongoza mkutano, siasa na dini zimeingia ndani. Nizitoe vipi bila kuwatoa watu?

fundi_wa_mitumbwi (Unguja)

Assalaam alaykum kwa wanaoitikia hivyo, na habari za saa hizi kwa wengine wote.

Mimi ni mraibu, mwaka wa tisa huu sijagusa unga. Kazi yangu kukalafati mitumbwi na ngalawa. Mkutano wetu uko Mjini, kila Alkhamisi saa kumi na nusu, watu wakishasali Alasiri, na tunafunga kabla ya Magharibi. Tukijaa tunafika ishirini, siku ya mvua saba. Tuna mkeka mmoja mkubwa, birika la chai ya tangawizi, kopo la michango na saa ya ukutani inayochelewa dakika nne. Utaratibu ni ule ule wa NA (Narcotics Anonymous, waraibu wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya): kila mtu dakika tano, hakuna kumkatiza, hakuna kumjibu. Unataja jina lako, unasema wewe ni mraibu, wenzako wanakuitikia, unatua mzigo wako, unakaa.

Tangu mwezi wa tatu zamu ya kuongoza iko kwangu. Nianze na la kuchekesha.

Wanaokwenda NA wanavijua vile vishikio vya funguo. Cheupe siku unayoingia, cha rangi ya chungwa siku thelathini, cha kijani siku sitini, chekundu tisini, cha buluu miezi sita, cha manjano miezi tisa. Rangi hizo zilipangwa Marekani na watu ambao habari za visiwa hivi hawajapata kuzisikia. Basi kijana mmoja wa Pemba katimiza siku sitini, tumempigia makofi, namkabidhi kishikio chake cha kijani, rangi ya chama tawala, kaurudisha mkono nyuma. "Hicho mimi sikishiki. Nipeni chekundu kabla ya siku zake, au nikae bure mpaka tisini." Chumba kizima tulivunjika mbavu, na yeye mwenyewe kacheka, lakini hakukichukua. Kipo ndani ya kopo mpaka leo. Na akifika miezi tisa atapewa manjano, nayo rangi ya chama hicho hicho, sijui tutafanyaje.

Hilo lilipita kwa kicheko. Yaliyofuata ndiyo yaliyonileta hapa.

Chumba tunachotumia tumepewa bure na mzee mmoja, mcha Mungu wa kweli. Kiko uani kwake, zamani kilikuwa chuo, watoto wakisomeshwa Kurani humo. Alipoanza kuja kukaa mlangoni na tasbihi yake tulifurahi, maana mtaa ukiona mzee kama yule anakaa na mateja, mtaa nao unatulia. Kisha akawa anatufungia mkutano kwa Fatiha na dua. Dua ikawa inarefuka. Tuna wenzetu wawili wa bara, Wakristo, mmoja kibarua wa ujenzi, mwengine mpishi. Mwanzo walikuwa wakiinamisha vichwa. Baadaye wakawa wanatoka kuvuta sigara dakika tano kabla ya kufunga. Baadaye hawakuja. Yule mpishi nilimkuta Darajani kashika fungu la mchicha, nikamuuliza. Kanambia, "Kaka, pale hamjanikosea kitu. Ila mimi pale ni mgeni, na mgeni hawezi kuvua shati aoneshe majipu yake."

La pili ni viti. Yuko mtu anataka kugombea, simtaji yeye wala chama chake. Katuma ujumbe kwamba atatupa viti hamsini vya plastiki na spika, sharti lake aje siku moja "kuwasalimia vijana" na mpiga picha wake. Sisi ishirini, viti hamsini, tukae kila mmoja viwili na nusu? Lakini nusu ya kikundi wanavitaka. Na siwalaumu, kuna watu magoti hayawaruhusu tena kukaa mkekani.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi.

Tuna mtu mmoja wa makamo, mkimya. Miezi mitano anakuja, hajapata kusema zaidi ya jina lake. Alkhamisi iliyopita kafungua mdomo. Kasema unga kauanza mwaka 2001. Kasema asubuhi ya tarehe 27 Januari, siku ile waandamanaji wa upinzani walipopigwa risasi na polisi, kaka yake alitoka nyumbani Wete, Pemba, na jioni kaletwa kafunikwa kanga ya mama yao. Yeye usiku ule ule kapanda mashua na watu wengine kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, kutoka Shimoni kaingia Mombasa, na Mombasa, chumba cha kupanga, mtu asiyemjua kampa kitu cha kumlaza usingizi. Alikuwa akisema polepole, anasugua ukingo wa mkeka kwa kidole gumba. Kufika hapo kijana mmoja wa nyuma kapaza sauti: "Si tulikubaliana siasa humu hakuna!"

Yule mtu kanyamaza. Kanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye zamu.

Mimi nikatazama saa. Ile saa mbovu. Dakika zake zilikuwa zimebaki mbili, na mimi nikasema, "Ahsante kwa kushea," nikampa anayefuata.

Wiki hii hajaja. Nimekwenda kwake mara mbili, naambiwa katoka.

Sasa naomba msaada. Mpaka uko wapi? Nikisema dini isitajwe, hawa watu wangu hawawezi kumaliza sentensi bila inshallah, na mimi mwenyewe siwezi. Nikisema siasa isitajwe, nimeshamfunga mdomo mtu aliyengoja miaka zaidi ya ishirini kusema. Na nikiacha vyote viingie, nabaki na kikundi cha watu wa dini moja na chama kimoja wanaokunywa chai.

---

mama_wa_kisauni (Mombasa)

Mwanangu, pole, na hongera ya miaka tisa. Mimi si mraibu, ni mama wa mraibu. Tuna kikundi chetu cha kina mama, twakutana Jumanne kwa zamu, nyumba hii na ile.

Nianze na viti vyako. Mwaka 2022, wiki chache kabla ya kura ya Agosti, alikuja mheshimiwa mmoja kwenye mkutano wa vijana wetu. Alikuja vizuri, alisema vizuri, alilia hata, sijui machozi ya kweli sijui ya kura. Mwisho akatoa fulana zenye sura yake na noti ya mia mbili kwa kila kijana. Wangu alikuwa na siku arubaini na moja. Wewe wajua noti mkononi mwa mtu wa siku arubaini na moja ni nini. Yeye na wenzake watatu hawakupita hata nyumbani, walikwenda maskani moja kwa moja, na fulana mpya wamezivaa. Nilimpata siku ya pili, ile sura ya mheshimiwa imejaa matapishi kifuani. Fulana ile niliifanya tambara la kupigia deki mpaka ikaisha.

Basi viti musichukue. Magoti yenu mutayatafutia dawa nyengine.

Na huyo wa Shimoni. Mimi dada yangu aliolewa kule, mwaka ule tuliwaona wakishuka, watu na watoto, wengine hawana hata viatu. Yule hakuleta siasa. Alileta maiti ya nduguye. Mtu akisema "kaka yangu alikufa" huyo anasema yake. Angesema "ndiyo maana fulani asipigiwe kura" hapo ungemkata, na ningekuunga mkono. Mtafute mara ya tatu, na usende na mtu mwengine, enda peke yako.

---

AbuSwalihi (Tanga)

Ndugu zangu, mimi nitasema tofauti na mnivumilie.

Miaka sita nimekaa jalalani. Nimepelekwa kila mahali. Kilichonitoa si kuzunguka duara na kusema jina langu, kilichonitoa ni sala tano na imamu mmoja aliyekuwa akinigongea dirisha Alfajiri, mvua ikinyesha, jua likiwaka, hachoki. Sasa nikisikia watu wanapanga namna ya kuiondoa dua katika chumba kilichokuwa chuo cha Kurani, naona mnakata tawi mlilokalia. Mzee wa watu katoa chumba chake bure, kaomba dua ya dakika tano kwa Mola aliyempa hicho chumba. Hao wawili si walikuwa wakitoka nje tu? Kuna ubaya gani mtu akitoka nje?

Kuhusu siasa nakubaliana nanyi mia kwa mia.

---

mgeni_wa_mashariki (Paje)

Shekhe Abu, mimi naweza kukujibu hilo la kutoka nje, maana mimi ni wale wale. Si wa mkutano huu wa fundi, wa kwingine, lakini ni wale wale. Mkristo, nimetoka Mwanza, nafanya kazi hotelini.

Ubaya ni kwamba dakika tano za mwisho ndizo watu wanazobadilishana namba za simu. Ndipo mtu anakusogelea anakwambia "leo umesema langu." Mimi nilikuwa nazipata nikiwa nje, nimeegemea ukuta, nasikia Amin ya watu. Siku niliyoteleza sikuwa na namba ya hata mmoja.

---

AbuSwalihi (Tanga)

Hilo sikuwa nimelifikiri. Sibadilishi niliyosema kuhusu dua, lakini hilo la namba nimelisikia.

---

dereva_wa_kaskazini (Minneapolis)

Fundi, salaam. Mimi ni Muislamu, kwetu Pangani, huku naendesha malori. Ugonjwa wangu pombe, kwa hiyo mikutano yangu ni ya AA (Alcoholics Anonymous), ndugu yake NA kwa walevi. Nikuhadithie upande wa pili wa hiyo Fatiha.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa chini ya kanisa, mwezi wa kwanza, theluji mpaka magotini. Mikutano mingi huku hufanyika kanisani, kwa kuwa ndiko kwenye vyumba vya bei nafuu. Saa ikafika, wote wakasimama, wakashikana mikono. Kulia nimeshikwa na mama mmoja mwenye mkono wa baridi, kushoto na mzee aliyekuwa akifuga ng'ombe. Nikadhani wataimba. Wakaanza Baba Yetu Uliye Mbinguni. Mdomo wangu uliganda. Si kwamba maneno yale yananichukiza, hasha, ila nilijiona kama niliyeingia msibani kwa watu nisiowajua na nimepewa nafasi ya mbele. Nilirudi kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Mwenye pengine asingerudi.

Baada ya miezi minane nikaomba kikundi kijadili. Nilishindwa kwa kura, 11 kwa 4. Mzee wa ng'ombe alipiga kura dhidi yangu, kisha akanifuata kwenye maegesho na karatasi aliyoandika kwa mkono, mikutano mitano ya karibu isiyofunga kwa sala ile. Nilihamia mmoja wapo. Mpaka leo ananipigia kila Jumapili.

Sasa historia, kwa sababu barabarani nina muda mwingi wa kusikiliza vitabu. Mwaka 1840, Baltimore, walevi sita walikubaliana kuacha pombe na kusaidiana. Wakajiita kwa jina la Washington, rais wa kwanza. Walikuwa wakifanya kitu kile kile tunachokifanya leo, mlevi anamsimulia mlevi mwenzake yaliyomkuta. Wakaenea kama moto wa nyikani. Abraham Lincoln, kabla hata hajafikiriwa urais, aliwahutubia watu wao kule Springfield tarehe 22 Februari 1842. Lakini wakaanza kuvutwa huku na huku, huyu anataka wapiganie sheria ya kupiga marufuku pombe, yule anawataka katika ugomvi wa utumwa, wahubiri nao wana lao. Miaka michache tu, kwisha. AA ilipoanza Ohio mwaka 1935 kisa hicho kilikuwa kimeshasahaulika, baadaye ndipo wakakifukua, na zile mila kumi na mbili, yaani kanuni za vikundi, zilipopitishwa Cleveland mwaka 1950 ikawekwa moja inayosema AA haina maoni juu ya mambo ya nje, jina lake lisiburutwe kwenye mabishano ya watu. NA ilipoanza California mwaka 1953 ikachukua mila hizo hizo. Na ile nyengine ya kujitegemea, kutokupokea misaada ya nje, ndiyo jibu la viti vyako. Mama wa Kisauni kaieleza vizuri kuliko ilivyoandikwa.

Shekhe Abu, na hili ni lako. Zile hatua kumi na mbili za kupona tunazozifuata zinamtaja Mungu, hakuna aliyemfuta. Ila wakati zinaandikwa walikuwepo wanachama wasioamini, wakalalamika, ndipo yakaingia yale maneno "Mungu kama tunavyomfahamu." Kwa hiyo kila mmoja anakuja na wake. Kikundi ndicho hakina.

---

mzee_wa_dozi (Dar es Salaam)

Naona mmesahau dini kubwa kuliko zote. Simba na Yanga. Kwetu Temeke Jumapili moja baada ya dabi mkutano uliisha watu wameshikana mashati, na hakuna chama wala msikiti uliotajwa. Tangu siku hiyo jezi haziingii. Mtu akija nayo anaigeuza ndani nje au anakaa kifua wazi.

Lakini nina jambo la kweli pia. Mimi ni mtu wa methadoni, dawa anayopewa mraibu hospitalini mahali pa unga. Ile huduma ilipoanza Muhimbili Februari 2011 nilikuwa bado nasema haiwezi kunisaidia. Sasa kila asubuhi nipo dirishani, naitwa namba, nakunywa kikombe changu mbele ya muuguzi, naenda kazini. Nauza vipuri vya bajaji. Nina mke. Basi niliingia mkutano mmoja, siusemi wa wapi, nikashea habari hizo. Kiongozi akanambia mbele za watu, "Ndugu yetu wewe bado unatumia. Kaa usikilize, siku ukiacha hiyo dozi ndipo utazungumza."

Nimeshawahi kuhubiriwa motoni na mbinguni. Hakuna aliyenifanya nijione najisi kama yule. Kwa hiyo fundi, ukiwa unafukuza dini chumbani angalia na hiyo, haivai kanzu wala msalaba.

---

fundi_wa_mitumbwi (Unguja)

Mzee wa dozi, umenipiga papo hapo. Tunao wawili wanaokwenda hospitali ya Kidongo Chekundu kunywa dozi na mimi sijapata kuwauliza kwa nini hawasemi kitu. Nilidhani ni haya tu.

Shekhe Abu, nakuheshimu, na mimi Alfajiri yangu siiachi. Lakini mimi kilichonitoa kilikuwa kijana mmoja wa Kikristo kutoka Dodoma katika nyumba ya upataji nafuu, wakati wa arosto, yale maumivu ya kuukosa unga. Siku ya tatu nilikuwa natapika nyongo na miguu inapiga teke yenyewe, yeye kakaa kitako sakafuni, miguu yangu kaiweka mapajani kwake, anaikanda kwa mafuta ya nazi mpaka kunakucha. Alikuwa akinong'ona sala zake. Hakuniambia niitikie. Angeniambia niitikie, kwa hali niliyokuwa nayo, ningeitikia hata kwa shetani, na nilipopata nguvu ningemchukia.

Nitarudi niwaambie. Nakwenda kusema na mzee mwenye chumba, na ninaogopa kuliko nilivyoogopa polisi.

---

kaka_mkubwa77 (Nairobi)

Hameni chumba, mambo kwisha.

---

fundi_wa_mitumbwi (Unguja)

Kaka mkubwa, kopo letu likijaa sana lina elfu nane kwa wiki, na humo mna majani ya chai na sukari. Ukipata mwenye nyumba wa bei hiyo nitumie namba yake leo leo.

---

fundi_wa_mitumbwi (Unguja), wiki tatu baadaye

Nilisema nitarudi.

Nilikwenda kwa mzee baada ya Ishaa, nikachukua halua, maana maneno kama yale huendi mikono mitupu. Kahawa ya kwanza sikusema. Ya pili sikusema. Ya tatu nikasema, moja kwa moja, kwamba wenzetu wawili wamepotea na nadhani ni kwa ajili ya dua. Nikanyamaza, nangoja kufukuzwa.

Mzee kaweka kikombe chini. Kasema, "Mbona hamkunambia? Mimi nilidhani ninyi ndio mnaoitaka. Kila nikimaliza mnaitikia Amin kwa sauti kubwa, nikasema hawa vijana wana kiu, niwazidishie." Kumbe alikuwa akirefusha kwa ajili yetu, na sisi tukiitikia kwa nguvu ili amalize. Miezi yote ile. Tulicheka mpaka mkewe katoka kuangalia kuna nini.

Tumekubaliana hivi: mkutano unafungwa kwa maneno yetu yale mafupi tu, tunakaa robo saa watu wabadilishane namba na kumaliza chai, kisha anayetaka dua anamfuata mzee barazani kwake. Wanamfuata kumi au kumi na mmoja, na mimi mmoja wao. Dua imekuwa fupi.

Viti tumevikataa. Haikuwa rahisi, tulibishana wiki mbili, na mtu mmoja kaondoka kwa hasira akisema sisi ni masikini wenye kiburi. Ana haki yake. Kuna bao za mvule zilizobakia kwenye jahazi nililokuwa nalitengeneza, mwenye chombo kaniruhusu, tumepiga mabenchi mawili. Moja linayumba.

Kikundi kikanipa kazi ya kuandika maneno ya kusomwa mwanzo. Niliandika ukurasa mzima, wakaukata, yakabaki haya: "Humu kila mtu anasema yaliyompata yeye. Mungu wako mtaje kama wako, usimtaje kama wetu. Chama, mgombea na timu tunaviacha mlangoni pamoja na viatu. Dawa anayokupa daktari haituhusu." Hiyo ya timu ni yako, mzee wa dozi, na ya mwisho pia. Mmoja wa wale wawili wa Kidongo Chekundu kashea juzi, kwa mara ya kwanza, dakika tano kamili.

Mpishi karudi. Kibarua bado, simu yake haipatikani.

Na yule mtu wa Wete. Nilikwenda mara ya tatu, peke yangu, kama mama wa Kisauni alivyosema. Nilimkuta kwenye ngazi anaparua nazi. Sikujua niseme nini, nikamwambia, "Dakika zako mbili bado ninazo mimi." Hakujibu. Kanipa mbuzi nimsaidie nazi ya pili, nikakaa nikakuna, yeye akakamua tui. Tulikaa saa nzima hivyo, na alisema mambo ambayo si ya kuandika hapa.

Alkhamisi kaja. Kakaa karibu na mlango, kwenye benchi linaloyumba. Ilipofika zamu yake kataja jina lake, kasema yeye ni mraibu, kisha kasema, "Leo nasikiliza." Yule kijana aliyepaza sauti siku ile alikuwa ndiye mwenye zamu ya chai. Kampelekea kikombe kabla ya watu wote, na sukari vijiko vitatu, anajua anavyopenda.

Saa tumeitia betri mpya. Bado inachelewa.